Sheria ya Hodi

Kosa la kwanza lilikuwa nati.

Jirani yetu ana lori. Jumamosi moja alilipandisha jeki uani, akafungua tairi, akazipanga nati juu ya kipande cha boksi kama mama lishe anavyopanga vitumbua, kisha akaenda kuswali adhuhuri. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta kitu chenye pembe sita. Nilihangaika wiki nzima, mara kwa rula, mara kwa bikari ya binti yangu wa darasa la tano, na kila nikifika mstari wa tatu pembe zinakataa kukutana. Sasa pale mbele yangu zimelala pembesita kumi, kazi ya kiwandani, hazina kasoro. Nikaazima moja. Nasema niliazima kwa kuwa nia ya kurudisha nilikuwa nayo, na nia ndiyo inayoangaliwa.

Nilichokuwa nachora ni Tanga ya Novemba 1914, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ili mimi na shemeji yangu tupigane humo bila kuumizana.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Amestaafu kazi ya mizigo bandarini, na kazi ile ilimwachia mapenzi ya karatasi zenye vifungu, vifungu vidogo na mihuri. Kwa kuwa ni shemeji, siwezi kumfokea, wala yeye hawezi kunifokea. Ugomvi wetu wote sharti upitie mlango wa adabu. Akiniona nimesogea hatua tano badala ya nne, hasemi nimeiba. Husema, "Shemeji, nadhani macho yangu yameanza kuzeeka, hebu nihesabie tena." Ukisikia hivyo, ujue umetukanwa.

Ugonjwa huu tuliupata kwenye boksi. Mgeni mmoja aliyekuwa anarejea kwao aliuza vitu vyake vya ndani. Nilikwenda kufuata kikaango, nikarudi na kikaango na boksi lililochanika pembe, limeandikwa Afrika Korps. Ni mchezo wa kampuni ya Avalon Hill ya Marekani, wa mwaka 1964, unaohusu vita vya jangwani kule Libya na Misri. Ramani yake imegawanywa vyumba vya pembe sita kama sega. Vikosi ni vipande vya kadibodi vyenye namba: hii nguvu ya kupigana, hii hatua za kutembea. Ukishambulia, unalinganisha nguvu zako na za adui, unarusha dadu, unasoma kwenye jedwali nani marehemu. Na kila kikosi kinavishika vyumba sita vinavyokizunguka. Adui akikanyaga humo, asimame. Binti yangu hakuielewa kanuni hii mpaka nilipomwambia ni kama baraza la wazee. Huwezi kulikatiza ukapita zako. Utasimama, utasalimia, na ukishasalimia safari yako ya siku hiyo imekwisha.

Kipande cha jenerali Rommel hakikuwamo. Tukaweka kifungo cha shati. Katika mchezo ule kikosi kinachopitia kwa Rommel huongezewa hatua, kwa hiyo kifungo kilipewa heshima kubwa pale mezani, hadi mke wangu alipokiona, akakishonea sare ya mtoto. Jumatatu Rommel akaenda shule.

Ila kilichomnasa shemeji si jangwa wala vifaru. Ni sheria za hiari. Michezo ya aina hii huwa na kanuni za msingi, ambazo bila hizo hakuna mchezo, kisha huko nyuma ya kijitabu hufuata sheria ambazo wachezaji wakikubaliana wanazitumia, wasipokubaliana wanaziacha: hali ya hewa, uchovu, mafuta kuisha, jenerali kuumwa. Mpwa wake mmoja akamsimulia kuhusu mchezo mwingine wa jangwa hilohilo, The Campaign for North Africa wa mwaka 1979, uliobuniwa na Richard Berg. Huo unakadiriwa kuchezwa kwa saa 1,500, na ndani yake mna kanuni kwamba vikosi vya Italia vipewe maji ya ziada ya kuchemshia tambi. Shemeji alikaa kimya kwa muda mrefu kama mtu aliyesomewa aya.

"Maji ya tambi," akasema hatimaye. "Huyo bwana ameona mbali."

Tangu siku hiyo hakutaka tena vita vya watu wengine. Alitaka vita vya kwetu, vyenye maji ya kwetu.

Basi nikachora. Vyumba 264, nati ikizungushwa kwa penseli mara 264. Upande wa juu bahari, kulia Ras Kazone, kushoto mji na reli. Vikosi tukaamua viwe visoda, kama kwenye drafti, kila kisoda watu 200. Waingereza walikuja na watu kama 8,000, kwa hiyo visoda arobaini. Mjerumani alikuwa na watu kama 1,000 tu, visoda vitano. Nasema Waingereza na Wajerumani kwa mazoea ya vitabu. Walioshuka melini wengi wao walikuwa Wahindi, na waliowangojea wengi wao walikuwa askari wa Kiafrika. Wenye ugomvi walikuwa wachache.

Visoda arobaini vya soda nilivipata kwa njia ya majuto. Jirani alipokosa nati yake alimwambia utingo ameipoteza, akamkata shilingi elfu tano. Kijana wa watu akaapa kwa kila kitu kitukufu. Mimi nilikuwa dirishani nachora chumba cha tisini na mbili. Sikuweza kutoka na kusema, kwa sababu ningesema nini? Nikaanza kumnunulia soda. Kila jioni soda moja, wakati mwingine mbili, naye akawa anawaambia watu kwamba mimi ni mzee mwenye roho nzuri kuliko wote mtaani. Kadiri alivyonisifu ndivyo nilivyoongeza soda. Jeshi la Uingereza likatimia kwa wiki nne, na nati, ambayo sasa nilikuwa nimechelewa mno kuirudisha, nikaifanya manowari yao. Ilikuwa nzito, feni haikuweza kuipeperusha.

Visoda vitano vya Mjerumani shemeji alitaka viwe vya bia, ili tofauti ionekane kwa mbali. Kazi ya kuvipata nikapewa mimi, mtu ambaye hajawahi kuonja. Nilipita nyuma ya baa moja saa kumi na mbili asubuhi, nikiamini hakuna mtu, nikainama. Niliokota vinne. Nilipoinuka na cha tano mkononi, mwalimu wa madrasa alikuwa ng'ambo ya barabara juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini. Hakusema kitu. Alinipa salamu kamili, ndefu, ile wanayopewa wagonjwa. Saa mbili mama mkwe alikuwa amepiga simu kumuuliza mke wangu kama tuna shida yoyote nyumbani.

Tukacheza kwa kanuni za msingi peke yake. Mimi Mwingereza, shemeji Mjerumani. Nilishuka na visoda arobaini, nikatembea, nikarusha dadu, nikachukua mji zamu ya tatu. Tukabadilishana. Shemeji akashuka, akatembea, akachukua mji zamu ya tatu. Tukacheza mara saba, na mara saba Mwingereza akala chakula cha mchana sokoni Ngamiani.

Tatizo ni kwamba kila mtoto wa Tanga anajua Mwingereza alipigwa. Tarehe 4 Novemba alishambulia, tarehe 5 alikuwa anapanda meli kurudi alikotoka, akiacha nyuma bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya nusu milioni. Waliokufa na kujeruhiwa upande wake walipita 800. Sasa mchezo gani huu ambao aliyeshindwa anashinda mara saba?

"Kanuni za msingi ndizo mpango wa Aitken, jenerali wa Mwingereza," akasema shemeji, akivua miwani. "Na yeye alipiga hesabu hii hii. Arobaini kwa watano. Kilichompiga kipo kwenye hiari."

Akafungua daftari jipya la mistari mikubwa, akaandika: Sheria ya Hiari Na. 1.

Nayo ikaitwa Sheria ya Hodi. Asili yake ni jambo la kweli, tena la aibu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika mbele ya bandari, na nahodha wake, Caulfeild, hakupiga hata mzinga mmoja. Aliwaita wenyeji waje wazungumze. Akawaarifu kwamba mapatano ya kutopigana pale mjini yamefutwa, na kwamba wana saa moja ya kusalimu amri. Akauliza pia, kwa ustaarabu wote, kama bandarini mmetegwa mabomu. Saa ikapita, bendera bado inapepea, Fox ikageuza kwenda kuziita meli nyingine. Kufika huko Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, aliyekuwa kaskazini upande wa Moshi, alikwishaanza kuwapakia askari wake kwenye treni.

"Huyu alipiga hodi," akasema shemeji. "Mtu anakuja kukuvamia, anapiga hodi."

Basi kanuni ikawa hivi: kabla ya kushusha kisoda chochote, Mwingereza sharti atamke hodi kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. Mjerumani halazimiki kuitika. Kwa kila hodi isiyoitikwa, treni moja inafika kutoka Moshi na kisoda kimoja cha bia. Hodi tatu zikipita, Mwingereza anaruhusiwa kuingia bila kukaribishwa, ila ameonekana hana adabu.

"Na ukiitika karibu?" nikauliza.

"Nikiitika utashuka mapema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sitaitika, shemeji."

Sheria ya pili na ya tatu zilifuata usiku huohuo. Ya pili ni ya kichefuchefu: askari wale waliletwa kutoka India, wakakaa melini wiki mbili na zaidi, na Aitken hakutaka kuwapumzisha Mombasa wala kuwanyoosha miguu. Kila kisoda kikishuka kinapoteza zamu moja kikiinamia mchanga. Ya tatu ni ya sahani. Aitken alikuwa amependekezewa msaada wa KAR, askari wa hukuhuku wanaoijua nchi, akaukataa. Shemeji akaweka kisoda kimoja kizuri, cha dhahabu, kwenye sahani pembeni mwa meza. Ndiyo KAR. Mwingereza anakiona mchezo mzima. Anaruhusiwa kukitazama. Haruhusiwi kukigusa. Nimepoteza michezo mingi nikikitazama kisoda kile.

Ya nne ni ya baiskeli, na hapa tulikaribia kukosana. Lettow-Vorbeck alipofika Tanga usiku wa kuamkia vita alipanda baiskeli, akaenda mwenyewe hadi upande wa bahari kuchungulia. Shemeji akadai punje ya pilipili manga iwe baiskeli, itembee usiku popote pale bila dadu, ivifunue visoda vyangu nilivyovipindua. Nikasema sawa, Tanga mji wa baiskeli, hilo sipingi, lakini panchali je? Baiskeli ipi ya Tanga inayozunguka mji mzima usiku isipate panchali? Akasema vitabu havitaji panchali. Nikasema vitabu havitaji maji ya tambi pia. Akanyamaza. Akaandika, kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida: 4(b), dadu ikitoka moja, baiskeli inasukumwa.

Kisha tukafika kwa nyuki.

Wasomaji wengi mnaijua hadithi hii. Katikati ya mapigano ya tarehe 4, kwenye mashamba na vichaka kati ya Ras Kazone na mji, risasi zilitibua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na nyuki wakatoka wakiwa na hoja zao. Watu waliosimama mbele ya bunduki za rashasha wakashindwa kusimama mbele ya nyuki. Baadaye yakazuka maneno kwamba Mjerumani aliwatega makusudi kwa kamba, lakini mpiga rashasha wa Kijerumani naye alichomwa kama wengine. Nyuki hawakuwa na upande.

Mimi na shemeji tukaanza kubishana juu ya dadu: ikitoka sita, nyuki washambulie chumba gani? Cha aliyerusha? Cha aliye karibu na mti? Tulibishana kwa heshima karibu nusu saa. Binti yangu, aliyekuwa chini ya meza anafanya hesabu za shule, akatoa kichwa.

"Kwani nyuki anacheza nani?"

Hatukuwa na jibu. Akaenda jikoni, akarudi na punje tatu za mtama, akavuta kiti.

Naomba nieleze kwamba jambo hili lina historia ya heshima. Waprusia, waliotengeneza mchezo wa vita wa mezani na kuupeleka jeshini mwaka 1824, walimweka mwamuzi kati ya wachezaji wawili, ili kila mmoja asijue afanyalo mwenzake, na mwamuzi ndiye aamue. Mwaka 1876 ofisa wao mmoja, Verdy du Vernois, akaona majedwali na dadu vinachosha, akashauri mwamuzi aamue kwa uzoefu wake tu. Binti yangu hajawahi kumsikia Verdy du Vernois. Lakini zamu ya pili tayari alikuwa ameisukuma dadu kando akisema nyuki hawarushi dadu, nyuki wanakasirika. Wanakasirishwa na nini? Na kelele. Kuanzia hapo anayepaza sauti mezani anachomwa. Mimi na shemeji, watu wazima wawili, tukawa tunapigana vita vya dunia kwa kunong'ona.

Shemeji akamuuliza nyuki wanashinda vipi, maana kila upande sharti uwe na masharti ya ushindi. Akafikiri.

"Wanashinda wote mkiondoka."

Tangu nyuki waingie mpaka leo, katika michezo ishirini na mbili Mwingereza ameshinda mara tatu, Mjerumani saba, nyuki kumi na mbili.

Sheria ya tisa ilitutoa nje ya nyumba. Ilihusu vichaka: kisoda kikiingia kichakani kinapoteza hatua ngapi? Moja, nikasema mimi. Mbili, akasema shemeji, na kwenye bonde la reli tatu. Ikabidi twende tukaone. Jumapili asubuhi tukachukua kamba ya mita 20, daftari, ile kalenda tumeikunja kama mkeka, tukapanda daladala hadi karibu na Ras Kazone. Nikashika mwisho mmoja wa kamba, shemeji akashika wa pili, tukaanza: yeye anatembea, mimi nahesabu, yeye anaandika.

Hatukumaliza kamba ya tatu. Bibi mmoja akasimama mlangoni kwake, kanga begani.

"Wanangu, kiwanja hicho mmeuziwa na nani?"

"Hatujauziwa, bibi," nikasema. "Tunapima aliposhukia Mwingereza."

"Mwingereza kashuka?"

"Zamani, bibi."

"Anataka kuanzia wapi?"

Shemeji, ambaye hawezi kuacha swali bila jibu sahihi, akamwonyesha kwa mkono kuanzia pale ufukweni hadi kule mnazini. Bibi akatazama umbali ule wote, akaingia ndani bila kuaga. Dakika kumi hazikupita, walikuwapo watu kumi na watano. Mmoja alikuwa na hati ya mwaka 1987 ndani ya mfuko wa nailoni. Mwingine alisema kwake ni mpaka kwenye mkorosho, na mkorosho waliukata lakini kisiki kipo. Kijana mmoja akatoka na pikipiki, akaniita pembeni kwa sauti ya mtu anayenitakia mema, akasema yeye ndiye dalali wa eneo hili, Mwingereza huyo asihangaike na watu wadogo wadogo, apewe namba yake, asilimia kumi yake haina mazungumzo. Nikamwambia Mwingereza mwenyewe aliondoka tarehe 5. Akauliza atarudi tarehe ngapi.

Aliyetunusuru ni mwenyekiti wa mtaa, mtu mtulivu aliyeletwa bado ana mswaki mkononi. Shemeji akaikunjua kalenda juu ya boneti ya gari, akamweleza yote: Fox, treni, baiskeli, nyuki. Mwenyekiti akasikiliza hadi mwisho. Akasema ameelewa, historia ni kitu kizuri, lakini je, tunayo barua ya utambulisho? Hatuna. Basi, akasema, hata huyo Aitken angefika leo, utaratibu ni kwanza barua.

Kwenye daladala nilidhani shemeji amekasirika. Kumbe anaandika. Sheria ya kumi: Mwingereza anayetua Ras Kazone bila barua ya utambulisho anakaa ufukweni zamu moja akihojiwa.

Nilipomkumbusha kwamba kilichotupeleka ni vichaka, akasema vichaka viwe hatua moja na nusu.

Sheria ya kumi na nne ndiyo pekee ambayo hatukuicheka, angalau mwanzoni. Tulikuwa tumeurefusha mchezo. Tanga ilikwisha kwa siku nne, lakini Lettow alizunguka nchi hii miaka minne, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji mwishoni mwa 1917, akarudi, akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Ramani ya namna hiyo inataka kalenda sita. Na inataka jibu la swali ambalo kanuni za msingi hazikuuliza: hizo risasi anabeba nani?

Walibeba watu. Walibeba kichwani, kwa mamia ya maelfu, pande zote mbili, na waliokufa kwa homa, kuhara na njaa ni makumi ya maelfu kwa upande wa Waingereza peke yake. Kambi yao pale Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, na Nairobi wana Kariokor yao. Babu mzaa babu wa shemeji alikuwa mmoja wao. Alirudi. Ndugu yake hakurudi, na nyumbani kwao hakuna anayejua alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Shemeji alisimulia hayo huku anahesabu maharage kutoka kwenye bakuli, maana maharage ndiyo tuliyoyafanya wapagazi: kila kisoda kimoja cha askari, maharage manne nyuma yake. Ukitembea bila kula, unaondoa harage. Yalijaa meza. Visoda havikuonekana tena vizuri, ilikuwa ramani ya maharage.

Tuliacha mchezo katikati, tukakubaliana kuendelea kesho yake. Kesho yake nilikuta visoda vyote mahali pake, na hakuna harage hata moja.

"Mliacha maharage mezani usiku kucha," akasema mke wangu. "Nikayaloweka."

Tulikula wali na wapagazi. Shemeji alishika kijiko, akakitazama, akala. Baadaye akaandika chini ya sheria ya kumi na nne: "Wapagazi wasiohesabiwa asubuhi hawatahesabiwa tena." Nikamwambia hiyo si kanuni. Akasema anajua.

Sasa ziko kumi na tisa. Siku ya pili ya Idi tuliamua kuzitumia zote kwa mpigo, jambo ambalo hata Berg na tambi zake angetushauri tulifikirie. Umeme ulikatika saa moja usiku, binti yangu akasimamisha simu ndani ya glasi ituangazie. Mimi Mwingereza. Visoda arobaini melini, KAR kwenye sahani, barua ya utambulisho sina, na Fox, ile nati, imekaa baharini mbele ya bandari inang'aa.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ya chini kwa sababu ya nyuki.

Shemeji akanywa chai.

Treni ya kwanza ikafika. Zamu ya pili nikasema hodi. Akachovya andazi. Treni ya pili. Nilikuwa navuta pumzi kwa ajili ya hodi ya tatu ndipo sauti ikatangulia kutoka mlangoni, nzito, ya mtu mzima.

"Hodi!"

Hakuna aliyeitika. Nadhani kwa kweli kila mmoja wetu aliona ni kanuni.

"Hodi humu ndani!"

Shemeji akainua kidole. "Msiitike," akanong'ona, na binti yangu, mwenye haki, akasogeza treni ya tatu.

"Hodi jamani, watu wazima!"

"Karibu!" akapiga kelele mke wangu kutoka jikoni. "Nyie mmekufa?" Na kwa kelele hiyo punje tatu za mtama zikapanda juu ya jeshi langu lote.

Alikuwa jirani mwenye lori. Mkewe alikuwa amemtuma na sahani ya kaimati. Aliiweka pembeni ya meza, karibu na KAR, akasimama pale akitabasamu kama mtu anavyotabasamu mbele ya ugonjwa wa wengine, akauliza mchezo gani huu. Shemeji akaanza kumweleza tangu sheria ya kwanza. Jirani anaitikia eeh, eeh. Lakini macho yake yalikuwa yametulia kwenye vile vyumba 264 vinavyofanana, yakavifuata kimoja kimoja, pembe sita, pembe sita, hadi baharini.

Akanyoosha mkono, akaiokota Fox. Akaigeuza kwenye mwanga wa simu. Akapitisha kidole gumba kwenye meno ya ile nati.

Hakuna aliyesema kitu. Hata nyuki walitulia.

Shemeji akavua miwani, akaifuta polepole kwa shati la Idi, akaivaa tena, akanigeukia.

"Shemeji," akasema kwa upole, "nadhani macho yangu yameanza kuzeeka."